Jiwe la Uani

Kupitia ukuta wa karatasi, Laurentine aliona kivuli cha fimbo kikipanda, kisha kikashuka. Mzee akapiga yowe.

Nyumba hii ya mtaa wa Kenmore, huku ughaibuni, ilijengwa zamani kwa mtindo wa Kijapani: milango ya karatasi ya kusukuma pembeni, na uani kokoto zilizochorwa mistari kulizunguka jiwe moja jeusi. Siku yake ya kwanza ya kumtunza mzee mwenye nyumba, Laurentine aliufagia uwanja kama kwao Kivu, akafuta mistari yote na kuliviringisha jiwe kando. Mzee alimfokea mpaka sauti ikamkauka. "Miaka sitini liko pale! Lisiguswe tena!"

Sasa fimbo ikapanda tena. "Tia sahihi nyumba iuzwe!" mwana wa mzee alinguruma.

Laurentine alikimbilia uani pekupeku, akalinyanyua jiwe. Lilikuwa zito kama mtoto aliyelala, na tumbo lake lililolalia kokoto lilikuwa bichi, baridi. Hakuusukuma mlango. Alipita katikati ya karatasi, vijiti vya fremu vikavunjikia kifuani pake.

"Muache muzee!"

Mwana akageuka na fimbo yake. Mzee, damu ikimchuruzika puani, aliliona jiwe likiwa limeinuliwa juu ya kichwa cha mwanawe.

Safari hii hakusema lirudishwe mahali pake.