Kikomo cha Doto

Nesi alicheka, akasema kosa ni la jina. "Mama Kulwa, Doto anaweza kuwa wa kike au wa kiume. Sisi tulimwandika mvulana."

Kumbe kwa miaka mitatu bangili ya binti yangu ilikuwa na kikomo cha hasira cha mvulana, sitini. Cha wasichana ni arobaini. Hasira ikifika hapo, bangili inampoza mtoto. Watafiti walishapima hasira za watoto, nesi akaniambia, huku akibonyeza kitufe kukishusha kikomo hadi arobaini.

"Mwacheni na sitini yake. Ameshaizoea."

"Mama, mimi natekeleza maagizo tu."

Mchana ule pacha wake, Kulwa, alimpokonya kikombe cha uji kama kawaida yake. Doto akainua mkono. Nikajikuta natabasamu, maana kofi lake nalijua, hata mimi nimeshalionja. Bangili ikalia kidogo. Mkono ukashuka taratibu, ukampangusa kaka yake uji kidevuni.

Kulwa alikuwa ameshafumba macho, analingoja kofi. Alilingoja mpaka akaanza kulia.