Volti Kumi na Mbili

Roboti yangu ilisimama vizuri, lakini mota zote za miguu zilipozunguka pamoja, iliishiwa nguvu ikaanguka. Betri za redio zilishindwa, hata nilipozianika juani.

Mke wangu alikuwa akipepeta mahindi. "Baba Lucy, tulitoa maksai kwa hizo mota. Basi kesho hiyo roboti ikavute plau."

Nikaazima betri ya gari. Mota zilitaka volti sita, hii ilikuwa na kumi na mbili. Nilifikiri ni kama maksai: ukimwongezea pumba, anavuta zaidi. Nikaunga nyaya.

Ilipiga hatua mbili. Kisha moshi mwembamba ukatoka kwenye nyonga na magoti ya miguu yote minne.

Mke wangu akaweka ungo chini. Hakucheka.

Mota nane. Maksai mmoja. Ekari tatu za pamba, ambazo maksai aliyebaki hawezi kuzilima peke yake.