Marejea ya Gervas

Siku hizi sauti ya marehemu hupandwa kwenye mmea aliouchagua mwenyewe angali hai. Wenzake walichagua miti ya kudumu. Gervas, mbishi yule, akang'ang'ania marejea, eti maua yake ya manjano yanamchekesha. Kumbe kichaka chenyewe hakimalizi mwaka! Kila maganda yanapokauka na kuanza kuchakacha, mkewe Tekla hukusanya mbegu na kuzipanda upya, na kila zikiota, sauti huwa imesahau kitu. Ilianza kusahau shamba, kisha watoto.

Msimu huu kilipochanua, Tekla akakisalimu kama kawaida.

"Karibu, dada," kikajibu. "Samahani, unaitwa nani?"

Tekla akakaa chini taratibu.

"Tekla."

"Jina zuri. Umeolewa?"

Akajifunga kitenge vizuri, akafuta machozi.

"Bado," akasema.