Pipa la Kukalia

Mafuta ya taa yalikuwa yamepanda bei tena, na barazani kwa Mbaruku, muuza mafuta, watu walibishana. Wengine walisema yameadimika huko yanakochimbwa. Wengine wakashikilia kwamba yapo tele, ila kuna watu wameyaficha wakingoja yapande zaidi.

"Mafuta hakuna, jamani," alisema Mbaruku. "Mnaona wenyewe, mapipa yangu yamegeuka viti."

Mara akatokea Bi Mwanakhamisi na akina mama wenzake wa ngoma. Jioni ile alikuwa anaoza binti.

"Mbaruku baba, tuazime hilo pipa tupu ulilokalia, tukalipige harusini."

Mbaruku alilishika pipa kwa mikono miwili. Akainuka taratibu. Bi Mwanakhamisi akalipiga pipa kwa kiganja. Halikulia. Lilitoa mguno mzito, kama mtu aliyevimbiwa.

Wote barazani wakageuka kulitazama pipa.

Mbaruku alingoja matusi. Bi Mwanakhamisi akajifunga kanga vizuri, akakaa chini. "Basi tutangoja mpaka liwe tupu," alisema. "Uza kwa bei ya zamani."

Watu wakakimbilia vidumu. Mbaruku akatia mpira ndani ya pipa, akaanza kupima bila kumtazama mtu usoni. Kila kidumu kilipojaa, Bi Mwanakhamisi aligonga pipa, na kila alipogonga, mlio ulizidi kufunguka. Akina mama hawakungoja liishe. Mmoja alipiga kigelegele, wengine wakaitikia wimbo. Mbaruku, jasho la aibu bado likimtiririka, akashtukia mguu wake unafuata mdundo.