Chumba Kisichovuja Sauti

Ngumi ya kwanza ilitua mdomoni, na fundi seremala aliuchagua mdomo makusudi. Ndio uliotukana. Ya pili ikafuata palepale, na Mtamu, mwanamuziki ambaye jana tu watu walikuwa wakigombania kupiga naye picha, akaanguka chali katikati ya studio yake akitema meno.

"Leo utaimba kwa pua!" akasema kinyozi wa mtaani, na watu waliojazana mlangoni wakacheka.

Wimbo wenyewe uliitwa "Koroga Polepole". Jamani, mtu mzima huwezi hata kuueleza mbele ya mkweo. Eti chungu kiko motoni, eti mwiko mrefu, na kila Mtamu akiuliza kama akoroge, sauti ya msichana inamwitikia kwa kudeka, "Polepole." Redio ziliupiga marufuku, ndiyo kwanza ukapamba moto. Ukawa unapigwa sokoni, saluni, mpaka kwenye simu za watu wanaokwenda msibani.

Fundi asingejali sana, kama si binti yake. Binti wa pekee, mshonaji mzuri, mwimbaji wa kwaya, aliyepewa jina la bibi yake, ndiyo maana baba mtu humwita "mama". Juzi alimkuta anafua huku anauimba, na kiuno nacho hakijatulia. Alimchapa mkanda mpaka majirani wakaingilia. Asubuhi hii akamsikia tena. Akamfungia chumbani kwa kufuli, akamwacha amekaa dirishani amenuna, ufunguo akautia mfukoni.

"Nikirudi," alimwambia mkewe, "huo wimbo utakuwa umekufa, na mwanangu nitakuwa nimempata tena."

Hicho tu ndicho alichokitaka. Mtoto wake.

"Nani yule malaya anayekuitikia?" alifoka, akimkanyaga Mtamu mkono. "Mtaje! Ndiye anayetuharibia watoto!"

Mtamu akafungua mdomo. Taya lilikuwa limeachia upande mmoja. Kilichotoka ni damu na mkoromo. Aliinua mkono uliobaki, akaonyesha chumba cha kurekodia, kule nyuma.

"Anakililia chumba chake," akasema kinyozi. "Maskini ya Mungu!"

Chumba kile fundi alikijua kuliko kitanda chake. Alikijenga yeye mwaka jana, kabla hajajua humo kutaimbwa nini. Kuta mbilimbili, katikati maranda, juu yake sponji ya magodoro. Dirisha hakuweka, maana kioo huvujisha sauti. Siku ya kukikabidhi alimfungia Mtamu ndani, akaugonga mlango kwa nyundo kwa nguvu zake zote. Mtamu alitoka akiapa hakusikia hata mdudu. Na yeye mle ndani alikuwa amepiga mayowe, nje kimya. Fundi alijisifia kazi ile mwezi mzima.

Sasa kilimchoma rohoni. Mikono yake hiihii! Juu ya mlango ilikuwa inawaka taa nyekundu, ile aliyoifunga mwenyewe kuwazuia watu wasiingie wakati wa kurekodi. Lakini mitambo Mtamu huiendesha peke yake, na Mtamu alikuwa chini anatapika damu. Fundi akaipasua taa kwa nyundo.

Simu ikaita mfukoni. Mkewe. Akaikata.

"Nileteeni mbao!"

Akazipigilia kukatisha mlango, kwa misumari ya inchi sita, kwa ufundi wake wote, kila kichwa cha msumari kikizama kabisa. Mtamu alijikokota mpaka pale, akamkumbatia mguu huku akitikisa kichwa na kulia kama mtoto. Fundi akamkita teke la mbavu, kitu kikalia ko. Hakuona huruma hata chembe. Aliona raha, tuseme ukweli.

Simu ikaita tena. Safari hii akaizima kabisa.

Vijana walikuwa wameshapasua spika na kuvunja magitaa. Kinyozi alisimama mbele ya kompyuta na mashine ya kuchanganyia sauti, mikono ameitanua.

"Hizi msiziguse, nina mteja!" alisema. Vitaa vya kijani kwenye mashine vilikuwa vikipanda na kushuka, vikipanda na kushuka. "Ona inavyonichezea. Imeshanipenda."

Petroli ikamwagwa chini ya mlango. Sponji na maranda, unajua tena. Njiti moja ya kiberiti tu, moto ukapanda na mbao.

Watu wakaanza kutoka, wakimburura Mtamu kwa miguu, kwa sababu kuua hawakuja kuua. Alikuwa akikwaruza sakafu kwa kucha, akitaka kurudi ndani. Wakamwona amerukwa na akili.

"Fundi, tutoke, moshi huo!" kinyozi akasema, akiikumbatia mashine yake. Alipoivuta mezani, hedifoni ikadondoka miguuni kwa fundi. Kisauti chembamba kilikuwa kinatoka ndani yake. Wimbo uleule.

Fundi akatabasamu. Mwana wa haramu, alijisemea, hata motoni unaimba. Akaiokota hedifoni, akaibana sikioni, ausikie uchafu ule ukikata roho.

Alikuwa msichana, anaimba peke yake. Akanyamaza, akakohoa.

"Kaka, hebu turudie hapo," ilisema ile sauti, sauti aliyoijua tangu ilipokuwa inalilia ziwa. "Haya maneno mapya hata baba akiyasikia hatagomba tena. Halafu nifungulie mlango kidogo, humu naona kama kuna moshi."