Tarakimu Sita za Mama

"Nne. Saba. Saba tena." Mama alisoma polepole, kama anayehesabu mayai ya watu. "Hizi namba zako, mwanangu, zingekuwa za bahati nasibu tungeshatajirika. Halafu hili goti langu, tangu juzi…"

"Mama, muda unaisha! Tatu zilizobaki."

Mama akazitaja. Binti akakata simu.

Hivyo ndivyo kazi yake ilivyoanza kila asubuhi. Alikuwa karani wa kliniki, akifanyia kazi nyumbani. Kompyuta ya kliniki, iliyokuwa mbali, haikumfungulia kwa nywila peke yake. Ilituma kwanza namba ya siri kwenye simu. Siku ya kuandikishwa simu yake ilikuwa kwa fundi, akaandikisha ya mama. Sheria ilitaka simu ya mfanyakazi mwenyewe, naye akaona haya kusema. Siku zikawa miezi.

Alhamisi msimamizi alimpigia kabla hajafungua kompyuta.

"Kuna mtu ameingiza nywila yako saa kumi na mbili na nusu. Ni wewe?"

"Si mimi."

"Basi namba ya siri imekuja kwenye simu yako. Usije ukawa umemwaga mtama. Akiipata, maradhi ya wagonjwa wetu wote yatakuwa hadharani, na mimi na wewe hatuna kazi."

Mama! Mama asiyejua kumnyima mtu kitu.

Akampigia.

"Mama, kuna mtu amekuomba namba leo?"

"Yupo. Alisema yeye ni wewe, eti mafua yamembana, ndiyo maana sauti imebadilika."

"Na wewe ukaamini! Nimekwambia mara ngapi? Umeniponza, mama! Heri ningeandikisha simu ya jiwe!" Yakamtoka na mengine, yale ambayo mtu hamwambii mzazi wake.

Mama alimwacha amalize.

"Sikumpa," alisema.

Binti akaketi pale pale sakafuni. Alitafuta neno la kuomba radhi, likapatikana swali.

"Ulijuaje kama si mimi?"

"Alinisalimia. Akaniuliza nimeamkaje. Nikamweleza habari ya goti, akanisikiliza mpaka mwisho," mama alisema, bila hasira. "Nikajua huyu si mwanangu."