Ziara za Ijumaa

Selvaraj alikuwa anarudi kwao India baada ya miaka minane, na mzigo wake wote ulikuwa mfuko mmoja wa nailoni.

"Hata peremende hukununua?" Elphas alimuuliza waliposhuka kwenye teksi mbele ya uwanja wa ndege wa Riyadh. Wasafiri wengine walikuwa wakisukuma maboksi yaliyokazwa kwa kamba, mablanketi, televisheni. "Mabinti zako watasemaje?"

"Wale hawahitaji kitu," Selvaraj alisema.

Elphas alicheka. Alikuwa na furaha kumshinda msafiri mwenyewe, maana safari hii yeye ndiye aliyeifanikisha.

Kwa miaka minne walikuwa wamelala kitanda kimoja cha ghorofa, mmoja juu, mwingine chini, nyuma ya ghala la vigae huko Al-Sulay. Elphas, Mkenya wa Kericho, aliendesha forklifti. Selvaraj alipanga mizigo. Ijumaa, siku ya mapumziko, wenzao walifua nguo na kupiga simu makwao. Selvaraj hakupiga. Alisema mtandao wa kule milimani ni mbovu. Badala yake alimtembeza Elphas mjini kwao.

Alimtembeza kwa mdomo tu, kwa ile lugha yao ya kuchanganya Kiingereza na Kiarabu cha kazini. Kabla ya kuja Saudia alikuwa akiongoza watalii, na hakuwa amesahau hata jiwe.

"Tunaanzia stesheni," angesema, amefumba macho. Hapo palifika treni ndogo waliyoijenga Waingereza, ikihema kwa kupanda mlima. Kutoka stesheni ni ngazi sitini na mbili hadi kanisa la mawe, lenye vioo vya rangi vilivyoletwa kwa meli. Kisha klabu ya Wazungu, ambamo babu yake alihudumia meza miaka thelathini bila kuruhusiwa kupita mlango wa mbele. Kisha makaburi ya watoto wa maofisa, waliokufa kwa homa. Mwisho kabisa mnara wa saa, na chini yake nyumba yenye mlango wa buluu, ambapo mkewe Latha aliwauzia watalii chai. Ndani walikuwamo Jeni, miaka tisa, na Anjali, miaka saba.

"Anjali alikuwa na saba hata mwaka niliofika," Elphas alimwambia siku moja.

"Ndiyo. Saba."

Elphas hakushangaa sana. Baba aliye mbali huchanganya mambo. Yeye mwenyewe alishawahi kukosea darasa la binti yake, Valentine. Na ziara aliipenda. Kericho nako kulikuwa na ukungu, mashamba ya chai na klabu ya Wazungu, na babu yake Elphas alimpikia setla mpaka mgongo ukapinda.

Lakini kila mwaka orodha ya likizo ilipobandikwa, jina la Selvaraj halikuwamo. "Kafili hataki," alisema, akimaanisha yule Msaudi aliyewadhamini kazini, na mazungumzo yakaishia hapo. Mwaka huu akaanza kukonda. Ijumaa zikawa fupi. Ziara ikawa inaishia stesheni. Hakutaka tena kupanda zile ngazi.

Ndipo Elphas alipokwenda ofisini kwa Hamdan, karani wa kampuni. Likizo yake mwenyewe ilikuwa imefika, ya kwanza tangu aje. Akaomba jina lake lifutwe, liandikwe la Selvaraj.

Hamdan aliinua macho. "Huyu hajawahi kuomba likizo."

"Anaogopa kuomba, bosi. Mimi namwombea."

Hamdan aliguna, akaandika.

Kumwambia mkewe, Charity, kwa simu ndiko kulikokuwa kugumu. 

"Baba Valentine," Charity alisema, "mtoto ameshawaambia darasa zima kwamba unakuja."

"Huyu mtu anakwisha, Mama Valentine. Anakwisha nikimwona. Mimi nitakuja mwakani."

Charity hakugombana naye. Alisema tu, "Haya," na hilo lilimuuma kuliko ugomvi.

Alipopewa tiketi, Selvaraj aliketi kitandani akaitazama muda mrefu. Aliisoma mbele na nyuma. Kisha machozi yakamtoka bila sauti, na Elphas, aliyemshika bega, akajikuta analia naye.

"Nenda ukawaone, ndugu yangu."

"Ndiyo," Selvaraj alisema. "Sasa imebidi niende nikawaone."

Pale uwanjani walikumbatiana. Elphas alimwambia asimletee zawadi yoyote, ampigie tu picha mbele ya kanisa. Selvaraj alimminya mkono kwa nguvu, akapita lango la ukaguzi, wala hakugeuka.

Elphas alirudi Al-Sulay moyo umetulia. Kabla ya kuingia kazini alipita kwenye kibanda cha chai cha mzee Thomas, mtu wa milima ile ile ya Selvaraj. Hakuweza kuinyamazia habari njema kama hiyo.

"Nimemsindikiza Selvaraj leo," alisema. "Kesho atakuwa kwake."

Mzee Thomas aliacha kumimina chai. "Nani amempa ruhusa?"

"Mimi. Nimempa likizo yangu."

Mzee aliweka birika chini, akatafuta kiti kwa mkono, akaketi.

"Sisi watu wa kule tumekuwa tukimzuia miaka sita asipande ndege, maana aliapa akifika kule atawafuata wake," alisema. "Mlima ulimeguka alfajiri moja ya mvua, ukaufukia mji wote, na Latha na wale watoto hawajachimbuliwa mpaka leo."